Kushiriki na Kushirikishwa

Mzizi mmoja wa Kiarabu umetuzalia ukoo usiopatana. Kuna shirika lenye ofisi na nembo kwenye milango ya magari. Kuna ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Kagera. Kuna washirika wa makanisa ya kilokole. Kuna shirki, ambayo Mwislamu huiogopa kuliko dhambi zote, kwa kuwa ni kumshirikisha Mungu na kisicho Mungu. Na kuna kitenzi chenyewe, shiriki, ambacho siku hizi kimehamia ofisini na kina shughuli nyingi kuliko karani.

Fungua waraka wowote unaozungumzia vijana wetu na Asia: masomo Beijing, mafunzo kazini Tokyo, kozi fupi New Delhi. Hutakosa sentensi ya aina hii: makundi mbalimbali ya jamii yashirikishwe kikamilifu katika fursa za kimataifa. Litamke polepole hilo "yashirikishwe". Shiriki peke yake ilitosha. Mtu anashiriki, yamekwisha. Ilipoongezwa -sha, akaingia mtu wa pili anayemfanya wa kwanza ashiriki. Ilipofuata -wa, yule wa pili akatokea mlango wa nyuma. Anayeshirikishwa tunamwona. Anayeshirikisha hatajwi jina wala cheo, na asipofanya hivyo hakuna wa kumdai.

Kauli ya kutendwa ni mali halali ya Kiswahili. Bila hiyo aliyeibiwa asingekuwa na la kusema akifika polisi. Linalonisumbua ni kwamba tukianza kuzungumza juu ya Asia kwa lugha ya ofisi, kauli hiyo hutung'ang'ania. Fulani alipelekwa China. Fulani aliteuliwa kwenda Japani. Vijana watanufaishwa. Unaweza kusoma kurasa kumi usikutane na Mwafrika aliyefunga sanduku lake mwenyewe akaenda.

Tuanze na tangazo lenyewe la nafasi za masomo. Waombaji wenye sifa wawasilishe maombi. Kwetu sisi anayetaka kazi anaomba, anayemlilia Mungu anaomba, na aliyeketi nje ya msikiti siku ya Ijumaa na kopo lake naye anaomba. Sifa nayo ni cheti cha chuo na ni wimbo wa kumtukuza mtu. Halafu chini kabisa, kwa herufi za mlalo: wanawake na watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Kuhimizwa ni neno la mtoto anayechelewa kuvaa viatu vya shule. Mama mwenye shahada anayelitazama tangazo hilo hakukosa kuhimizwa. Amekosa wa kumwachia mwanawe kwa miaka miwili. Anayetumia kiti cha magurudumu angependa kujua kama bweni lina lifti. Hayo hayaandikwi, kwa sababu himiza ni bure na lifti ina gharama.

Nafasi zenyewe si haba. Mpango wa India wa mafunzo ya kiufundi, ITEC, upo tangu 1964. Kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, mwaka 2013 Yokohama, Waziri Mkuu Abe Shinzo aliahidi nafasi kwa vijana 1,000 wa Afrika katika miaka mitano, kusoma vyuo vikuu vya Japani na kufanya mafunzo ya vitendo kwenye kampuni za huko. China mwaka 2018, mbele ya viongozi wa Afrika waliokutana Beijing, ilitangaza nafasi 50,000 za masomo. Kwa Kiswahili nafasi hizi zote huitwa ufadhili, na wanaozipata ni wafadhiliwa. Neno limejaa fadhila hadi pomoni. Aliyefadhiliwa hadai, hakosoi, wala haulizi kwa nini posho imechelewa, kwa maana lugha imekwisha kumwekea tayari methali yake: asante ya punda ni mateke. Hakuna anayependa kuwa punda.

Wengine husema udhamini, na hapo ndipo pananoga. Mtu akikamatwa, ndugu zake hutafuta mdhamini atakayesaini mahakamani. Mwanafunzi anayekwenda kusoma Wuhan anatafuta mdhamini. Timu ya mpira ina mdhamini kifuani. Neno linabeba watatu hawa bila kulalamika, lakini kuna wa nne asiyezungumzwa kwenye makongamano. Dada anayetoka Tanga, Mombasa au Kampala kwenda kufanya kazi za ndani Riyadh au Muscat anaingia chini ya mtu aitwaye kafili, na kafili kwa Kiarabu maana yake ni mdhamini hasa. Kwa utaratibu wa kafala, kuingia kwake nchini na kibali chake cha kazi vimefungwa kwa mtu huyo mmoja. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la mfanyakazi kupata ridhaa ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine. Mageuzi ya Saudi Arabia ya mwaka uliofuata yaliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani.

Na Riyadh iko Asia. Muscat iko Asia. Hili ni jambo la jiografia ya darasa la tano, lakini jaribu kulisema kwenye ukumbi wenye viyoyozi, mada ikiwa "ajira za kimataifa barani Asia", uone watu wanavyokohoa. Kwenye ukumbi huo Asia ni Shanghai na Seoul, ni wahandisi na wachambuzi wa data. Ghuba inaitwa Uarabuni, na Uarabuni ni kwa dada wa kazi. Basi yule anayevuka bahari kwa tiketi ya ndege, akiwa na mkataba wa kazi, akajifunza Kiarabu cha jikoni ndani ya miezi michache na kutuma fedha nyumbani kila mwezi, hahesabiwi kuwa na kazi ya kimataifa. Kazi yake tunaiita kazi za ndani. Kazi za ndani zinazofanywa nje: Kiswahili hakijawahi kuona mzaha mkavu kuliko huo. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, na vyama vya wafanyakazi kama CHODAWU cha Tanzania na KUDHEIHA cha Kenya vimekuwa vikipigania neno lingine badala ya mtumishi: mfanyakazi wa nyumbani. Si tofauti ndogo. Mtumishi ana bwana. Mfanyakazi ana mkataba, saa za kazi na siku ya mapumziko, na ana chama.

Kimataifa lenyewe ni neno lililoponzwa na mabango. Shule ya kimataifa ni shule ya karo kubwa. Hoteli ya kimataifa ni ile ambayo chai yake inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa mtiririko huo, kazi ya kimataifa ikawa kazi ya tai. Katika msamiati wote wa mambo ya nje najua neno moja tu lililoshuka hadi uchochoroni, nalo ni balozi. Lilitufikia kupitia Kituruki, ambako liliwahi kumtaja mwakilishi wa Venice aliyekaa Istanbul. Chama cha TANU kikalichukua miaka ya 1960 kikalikabidhi kwa kiongozi wa nyumba kumi. Tangu hapo Tanzania ina mabalozi wanaovaa kanga na kusuluhisha ugomvi wa maji ya bombani. Sijui lugha nyingine iliyofanya ubalozi uwe kazi ya jirani. Tulipokuwa na ujasiri huo wa kutaja, kwa nini tuliuacha?

Ramani nayo tuliazima. Mashariki ya Kati, ukiwa umesimama Dar es Salaam, iko kaskazini. Mashariki ya Mbali ni mbali kutoka London, ndiko ilikopimiwa. Kwa mstari ulionyooka, Dar hadi Muscat ni karibu kilomita 4,000. Hadi Mumbai ni zaidi kidogo ya 4,600. Hadi London ni karibu 7,500. Manahodha hawakuhitaji hesabu hiyo. Kaskazi ilipovuma, kati ya Desemba na Machi, majahazi yalishuka kutoka Ghuba na Kutch. Kusi ilipoingia, yalirudi. Nahodha, bandari na serikali ni maneno ya Kiajemi. Gari, bima, laki na pesa yametoka upande wa India. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwenye kasri la mfalme wa Ming, na sijaona palipoandikwa kwamba walishirikishwa.

Asia nyingine iko mtaani. Kwa Kiingereza cha Nairobi "Waasia" ni raia waliozaliwa Ngara na Parklands. Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua kuwa kabila la 44. Kwa Kiswahili tunawaita Wahindi wote kwa jumla, ingawa wazee wa pwani walikuwa na macho makali zaidi: walijua Banyani ni nani, Khoja ni nani, Bohora, Kalasinga, Mgoa, Bulushi. Duka la kitambaa la Mtaa wa Jamhuri, Dar es Salaam, bado linaweza kuuza kwa Kiswahili, kuhesabu kwa Kikachi na kuandika risiti kwa Kiingereza. Wanaotafuta "wataalamu wa uhusiano na Asia" wangeweza kuanzia pale kaunta. Ng'ambo ya pili nako wapo wenye Kiswahili. Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika, wengi waliotoka Zanzibar walirudi na elimu yao, wanawake kwa wanaume, wakajaza ofisi za dola changa. Huko wanaitwa Wazanzibari hadi leo. Ndiyo maana hutokea dada wa Tanga akaagizwa kupika pilau Muscat kwa Kiswahili safi chenye lafudhi ya Unguja.

Na mwaka 2023 mambo yaligeuka. Taasisi ya Teknolojia ya India (IIT) ya Madras ilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza ya IIT nje ya India, na aliyepewa kuiongoza, Preeti Aghalayam, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi yoyote ya IIT. Msichana wa Kiunguja anayesoma pale, amekwenda Asia au Asia imemjia? Kiswahili hakina kitenzi cha hali hiyo. "Kusoma nje" hakifai, maana kwao ni mwendo wa daladala.

Ukitaka vitenzi vilivyosimama kwa miguu yao, nenda Kariakoo. Mfanyabiashara wa pale haombi China, hapelekwi China. Anafuata mzigo. Kitenzi ni cha kutenda, tena kina nia: mzigo uko Guangzhou au Yiwu, naye anaufuata. Wengi wao ni wanawake ambao tangazo la masomo lingewaita kundi maalumu. Wanakwenda wakijua ukubwa wa kifurushi kwa CBM, ambayo ni mita moja ya ujazo, kwa kuwa ndivyo anavyolipishwa anayechangia kontena na wengine. Kwenye masoko ya Guangzhou muuzaji anabonyeza bei kwenye kikokotoo, anakigeuza. Mteja anafuta, anabonyeza yake, anakirudisha. Kinazunguka hivyo mara kadhaa juu ya fungu la mikoba au vitambaa vya pazia, bila neno hata moja la Kichina wala la Kiswahili, na mkataba unafungwa. Baadaye anajifunza namba, kisha maneno ya rangi, kisha jina la mtaa wa Xiaobei ambako atapata wali na wanaomwelewa. Ana mkalimani, ana wakala, ana mtu wa ghala. Anajua tofauti ya daraja la kwanza na la tatu la bidhaa ileile kuliko mwandishi wa gazeti anayesema "vitu vya Kichina" akimaanisha vitu vibovu. Mwite huyo kwenye semina ya "kuwajengea uwezo wanawake kushiriki uchumi wa Asia", atakuuliza semina ni saa ngapi na nauli mnatoa.

Lugha ya ofisini ina neno kwa ajili ya watu kama yeye: fursa. Vijana wachangamkie fursa. Sentensi hiyo inapendwa na kila mgeni rasmi, na nadhani ndiyo korofi kuliko zote, maana inahamisha lawama kwa ustadi. Pakishirikishwa, aliyeshirikisha hajulikani. Pasiposhirikishwa, kumbe kijana hakuchangamka.

Katika upande wa wataalamu tumewahi kufanya vizuri zaidi, na hilo halisemwi vya kutosha. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Masimulizi yake ya kawaida yana wataalamu wa Kichina na vibarua wa Kiafrika. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi cha kuthibitisha kutwa ya kazi; mtu amepewa jina la karatasi yake. Lakini kabla reli haijaisha, mwaka 1972, vijana wa Tanzania na Zambia walikuwa wamekwisha kufika Beijing kusomea uhandisi wa reli, na wakahitimu 1975. Wachina nao, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikuwa wakisomesha Kiswahili kwenye vyuo vyao, na Redio Peking ikarusha matangazo ya Kiswahili kuanzia 1961. Mkalimani wa kambi ya reli aliyesema "habari za asubuhi" kwa lafudhi ya Beijing alikuwa amekaa darasani. Kitenzi cha kipindi kile kilikuwa kushirikiana, na -ana haikubali mtu mmoja: wajenzi kutoka China wapatao sitini na kitu walifia katika kazi hiyo, na makaburi yako pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto.

Kisha kuna kazi ambazo hazikuombwa na mtu yeyote. Kwa miaka mingi vibanda umiza vya Tanzania vilimjua Lufufu, Derek Mukandala, aliyesimulia filamu za Kihindi na za kungfu kwa Kiswahili juu ya sauti ya waigizaji. Alisema anatafsiri. Alikuwa anatunga nusu yake, na watu walilipa kumsikiliza yeye. Kenya ina DJ Afro wake. Hakuna aliyeiita kazi hiyo taaluma, hadi Wachina walipotaka tamthilia zao ziingie sebuleni kwetu: mwaka 2011 TBC ilionyesha kisa cha Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na mwaka 2016 StarTimes ikaendesha shindano Tanzania la kutafuta sauti, washindi wakaenda Beijing kufanya kazi hiyo studioni. Wenyewe huiita kuingiza sauti. Ni jina zuri kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu linasema mtu anafanya nini. Msichana mwenye ulimi mwepesi na kidato cha nne akapata Asia ambayo hakuna kamati ingempa.

Sasa kuhusu neno la pili la waraka, lile la "mbalimbali". Watafsiri wamehangaika nalo. Utofauti hautufai sana, maana ukisema wajumbe wana tofauti zao tunaelewa wamegombana. Anuwai ni neno tamu, lakini limekwisha kuajiriwa na maduka (bidhaa anuwai) na misitu: bayoanuwai tunaitunza Amani na Udzungwa, pamoja na vyura wake. Mtu akiitwa anuwai anajisikia kama ameorodheshwa kati ya vyura. Kilichobaki ni makundi maalumu, na ofisi zimelipenda hadi likaingia kwenye jina la wizara. Hesabu basi. Kwa sensa ya 2022 wanawake ni asilimia 51 ya Watanzania. Ongeza vijana wa kiume, ongeza wanaume wenye ulemavu, ongeza wazee. Anayesalia nje ya makundi maalumu ni mwanamume mzima wa makamo, mwenye afya na ajira. Kama kuna kundi maalumu, ni yeye, na ndiye amekuwa akipanda ndege.

Mimi ningeacha "anuwai" kwa vyura na "maalumu" kwa viti. Ningesema watu wa kila namna, kama bibi yeyote wa pwani anavyosema akielezea harusi iliyojaa. Ufadhili ningeuita nafasi ya masomo, kwa kuwa nchi inayolipa nayo ina inachokitafuta na hilo si siri. Mnufaika angekuwa mwanafunzi, mhandisi, mwingiza sauti, mfanyakazi wa nyumbani. Na ile sentensi ya waraka ningeirudisha kwenye kauli ya kutenda: wizara fulani itawalipia wanawake nauli na malezi ya mtoto, chuo fulani kitafungua darasa la Kiarabu Tanga na la Kichina Kigoma, ubalozi fulani utakuwa na ofisa wa kazi anayepokea simu usiku.

Nimewahi kumwonyesha mhariri mmoja rasimu ya namna hiyo. Alisema Kiswahili chake hakina kasoro. Kisha akauliza kama inawezekana kutoyataja majina ya ofisi, kwa sababu hao watu wanaweza kuja kuulizwa.